Jembe la Nyumba

Bibi yangu alikatazwa kulima na watu waliompenda. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na kingine nitajikuta nawatetea, na sitaki kuwatetea.

Tuliishi Matogoro, upande wa mlimani, mimi na yeye tu. Ni bibi mzaa mama. Mama yangu mwenyewe alikuwa Tunduru, anawapikia wachimbaji wa mawe, na masika yote hakuja kwa sababu mabasi yalikwama njiani. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Sikuchaguliwa kuendelea na shule, na sikuwa na mengi ya kumwambia mtu yeyote. Wageni wakija niliwaamkia, nikawapa viti, nikaingia jikoni. Bibi hakunisumbua kwa hilo. Alisema, "Wanaoongea wanatosha. Acha mmoja anyamaze."

Alikuwa Mmatengo aliyeolewa na Mngoni. Babu sikumkuta. Kutoka kwao Umatengo bibi alikuja na ngoro na ngokela, na majirani zetu walivipokea vyote viwili zamani, kabla mimi sijazaliwa.

Ngoro ni mashimo. Unafyeka majani ya shamba la mteremko, unayapanga chini kwa mistari inayokatana mpaka shamba lote linakuwa miraba. Halafu unachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia yale majani. Linabaki shimo katikati na tuta pande zote, na maharage yanapandwa juu ya tuta. Kufyeka ni kazi ya wanaume. Kuchimba ni kazi ya wanawake, na ndiyo inayovunja mgongo.

Ngokela ni kulimiana. Leo wote kwangu, kesho wote kwako, keshokutwa kwa mwingine, mpaka mzunguko uishe. Kila nyumba inatoa jembe moja. Mwenye shamba anapika makande na togwa. Hakuna anayelimiwa bila yeye kuwalimia wenzake, isipokuwa aliyefiwa, aliyejifungua, au mgonjwa wa kulala kitandani. Kila mwanamke wa upande wetu aliijua sheria hiyo, na ndiyo maana walichokifanya hakikuwa bahati mbaya.

Jembe la nyumba yetu lilikuwa la bibi. Umri wake haukuandikwa popote. Alikumbuka nzige, alikumbuka njaa ambayo watu walikula mizizi ya porini, na wazee waliokumbuka vitu hivyo walikuwa wamebaki wachache. Miguu yake ilikuwa myembamba na mikavu kama mpini. Jumapili alishuka kwa miguu mpaka mjini kusali, akapanda tena kwa miguu, na akifika anauliza kama nimeshapika. Kwenye mstari wa ngoro hakuwa wa kwanza tena, lakini hakuwa wa mwisho, na walio nyuma yake walisikia maneno.

Asubuhi wanawake walipita njia ya mbele ya nyumba yetu wakiwa na majembe begani, wakaita, "Mama! Tunakwenda!"

Bibi alikuwa ameshasimama uani zamani. Akawajibu, "Mnakwenda wapi saa hizi? Jua limeshawapita!"

"Jua lenyewe linakuogopa, mama," alisema jirani wa bondeni, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa. "Limejificha nyuma ya mlima mpaka ukishapita."

"Lifuate huko huko, labda litakuoa."

Wakacheka mpaka kilima cha pili. Siku ambayo bibi hakuwatukana waliuliza kama anaumwa.

Sasa mjomba. Mjomba ni mtoto wa mwisho wa bibi. Alikuwa karani wa ushirika, ushirika ukayumba, akakaa nyumbani. Ilipokuja ruksa ya biashara akatandika mitumba chini sokoni, halafu akapata kibanda, halafu duka lenye redio, sabuni za kunukia na baiskeli zimening'inizwa ukutani. Mwishowe akapata pikapu, na watu wakaanza kumwita bosi. Sina ubaya na duka lake. Sabuni niliyoogea ilitoka humo. Lakini mtu akishaitwa bosi anaanza kuangalia kila kitu chake kama vile wateja wanakiangalia, na bibi naye akawa kitu chake.

Krismasi alikuja na pikapu mpaka njia ilipoishia. Vijana wawili wakashusha kitu kirefu kilichofunikwa blanketi, wakakibeba kupanda mpaka kwetu, wakihema.

"Shikamoo, mama," mjomba alisema.

"Marahaba. Hilo jeneza la nani?"

"Mama! Ni kochi."

"Kochi la nani?"

"La kwako. La kupumzikia."

"Nipumzike nini?"

Mjomba akafunua blanketi. Lilikuwa kochi la mbao lenye mito ya sponji, kitambaa chekundu chenye maua. Likaingizwa ndani kwa ubavu, na ili lipate nafasi ikabidi mtungi wa maji utoke. Bibi aliangalia mtungi unavyotoka.

Mjomba akakaa juu yake kumwonyesha. "Mama, nimeaibika. Juzi niko stendi, mtu ananiambia mbele za watu, 'Bosi, nimemwona mama yako Matogoro na jembe begani. Kumbe bado unamlimisha?' Walicheka wote. Wote, mama."

"Ungemwambia anayenilimisha ni tumbo langu."

"Tumbo lako mimi ninalilisha. Unga nitaleta. Maharage nitaleta. Nimehangaika miaka yote hii ili wewe upumzike."

Namwamini kwamba alihangaika, na namwamini kwamba alitaka apumzike. Ndiyo maana hasira yangu haipati pa kutokea. Mtu akikuibia unapiga kelele, majirani wanakuja. Huyu alikuwa anashusha unga.

Bibi hakubishana naye tena siku ile. Alifikiri yamekwisha. Krismasi ikapita, tukala wali, mjomba akashuka mjini na pikapu yake. Sisi hatukujua kwamba kabla ya kushuka alipita nyumba za watu.

Januari ni palizi ya mahindi. Siku ya kwanza ya ngokela bibi alinoa jembe kwa jiwe, akajifunga kanga ya kazi, akasimama uani. Jua likatoka. Hakuna aliyeita. Akasema wamechelewa. Akakaa kwenye kinu akasubiri, na mimi nikaleta uji, na uji ukapoa. Kesho yake akasimama mapema zaidi. Kukawa kimya. Halafu tukasikia kicheko cha jirani wa bondeni mbali, chini kabisa, kwenye mikaratusi. Kuna njia ya huko, inazunguka, ni ndefu na ina matope. Walikuwa wameacha njia ya mbele ya nyumba yetu wakachukua ile ili wasituone.

Bibi hakwenda kuuliza. Siku zote yeye aliitwa. Kujipeleka mahali alipokuwa akiitwa hakujua anaanzaje.

Baada ya siku kadhaa akaja mama mwenyekiti, anayepanga zamu za ngokela. Aliongoza pia sala za jumuiya, alikuwa na sauti nzuri ya upole. Aliamkia, akasifu kochi, akakataa kulikalia, akakaa kwenye kigoda.

"Mama," alisema, "tumeona upumzike. Umetulimia sana. Sasa huyu binti ameshakuwa mkubwa. Tunaomba yeye ndiye ashike jembe la nyumba."

Bibi aliangalia jembe lake nyuma ya mlango, halafu akaniangalia mimi. Sijui alitaka nifanye nini. Mimi nilitikisa kichwa.

"Ana aibu," mama mwenyekiti alisema, akatabasamu. "Atazoea."

Nikatikisa tena, kwa nguvu zaidi.

"Maskini, mwone. Mwache kwanza, mama. Akizoea atakuja."

Niliingia jikoni nikawasha moto. Nimekuwa mtu wa aibu toka utotoni, nakubali, lakini ile haikuwa aibu. Nilikuwa nimekataa. Nilikuwa nimesema hapana mara mbili mbele ya watu wazima, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya, na likapita kama vile nimeona haya kusalimia. Basi Januari ile nyumba yetu haikuwa na jembe kwenye ngokela. Palizi yetu niliifanya mwenyewe, na nilipomwambia bibi twende wote alisema miguu ni mizito.

Alikuwa ameanza kukaa.

Sponji ile ilimmeza. Ukikaa kwenye kigoda unainuka kwa kuegemea mbele. Kwenye kochi unazama, na kuinuka ni mpaka mtu akushike mkono. Mwanzo aliniita mara moja moja. Halafu akaniita kila alipotaka kwenda nje. Halafu akaacha kutaka kwenda nje. Miguu ikavimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Jumapili akasema atasali nyumbani. Sauti yake ikapungua. Hakumtukana mtu yeyote mwezi mzima, hata kuku.

Na watu walikuja kumpongeza! Hili ndilo siwezi kulisema bila kukaza meno. Walikuja na kukaa na kusema, "Mama, umenenepa! Umependeza! Mwanao anakutunza." Ile haikuwa minofu, yalikuwa maji. Kila aliyeingia aliangalia kochi kwanza, halafu akamwangalia aliyekaa juu yake, na kwa kuwa kochi lilikuwa zuri akaona na mkaaji ni mzima.

Mjomba alifurahi kuliko wote. Alishika kiganja cha bibi akakigeuza. "Unaona mikono ilivyolainika? Mikono ya mama wa mtu mwenye duka."

Alipoondoka bibi alikiweka kile kiganja kwenye mwanga wa mlangoni. Sugu zilikuwa zinabanduka vipande vipande. Alizibandua yeye mwenyewe, akaziweka kwenye kitambaa, akanipa nikatupe. Sikujua pa kuzitupa. Nilizifukia nyuma ya jiko.

Magoti yalipoanza kuuma usiku mjomba alimpeleka kwa mganga mmoja mwenye duka la dawa. Mimi nilikuwa nyuma ya pikapu, nikaingia nao. Mganga akauliza, "Bibi anafanya kazi gani?"

"Hafanyi kazi," mjomba akajibu. "Anapumzika."

"Anatembea?"

"Hana haja ya kutembea. Anacho kila kitu."

Bibi alikuwa amekaa hapo hapo, katikati yao. Mganga akasema basi ni uzee, akatoa vidonge. Vidonge vilimlaza mpaka saa sita mchana.

Niliyajua yote kwenye mashine ya kusaga. Foleni ilikuwa ndefu na mashine ilikuwa inakohoa, wanawake wameketi juu ya madebe yao. Mimi nilikuwa karibu nao kiasi cha kuguswa na viwiko vyao, lakini watu husema mbele yangu kana kwamba mimi ni debe. Mtu asiyejibu wanamsahau.

Mmoja alisema, "Mimi sukari ya bosi nimeshaimaliza. Sasa tumwite mama arudi, au?"

Wakacheka. Mama mwenyekiti akasema, "Nyamaza. Na hiyo kanga uliyovaa umeinunua wapi?"

"Nimepewa nisimwite mzee wa watu shambani. Kazi rahisi hiyo, Mungu aniletee na nyingine."

Jirani wa bondeni hakucheka. Alikuwa anachora chini kwa kijiti. "Mimi ile sukari bado sijaifungua," alisema.

"Basi tuletee sisi!"

"Sijaifungua," akasema tena, akaendelea kuchora.

Zamu yangu ilipofika nilisaga, nikajitwisha debe, nikapanda. Njia yote nilikuwa naongea peke yangu kwa sauti, mimi, mtu ambaye kanisani anaimba bila kutoa sauti. Sukari na kanga! Mwanamke aliyewafundisha nusu yao kushika jembe mlimani wamemuuza kwa sukari, na wakajiambia wamemheshimu.

Bibi nilimkuta kwenye kochi. Nikakaa chini, nikachukua muhogo na kisu, nikamwambia yote huku namenya, macho yangu kwenye muhogo.

"Na wewe alikupa?" aliuliza.

"Hapana."

"Ulikataa, au hukupewa?"

"Sikupewa."

"Basi huna sifa," akasema, na akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu Krismasi. Halafu kikakatika, nikainua macho, nikaona jinsi alivyokuwa anauangalia mlango. Nilikuwa nafikiri mimi ndiye mwenye hasira nyumba ile.

"Nishike mkono," alisema. Nikamwinua. "Sasa niache."

Alisimama akishika ukuta. Alikwenda mpaka mlangoni, akashika jembe lake nyuma ya mlango, akalifanya mkongojo, akatoka. Alifika kwenye mpapai. Akageuka, akarudi, na hakukaa tena kwenye kochi. Alikaa kwenye kinu.

Kesho yake alifika kwenye kisima cha jirani. Siku nyingine alianguka karibu na zizi la mbuzi, nikakimbia, akanifukuza: "Usinishike! Nimekwambia nimeanguka? Naangalia udongo." Alijiinua kwa jembe, goti la kushoto likitetemeka, na njia nzima ya kurudi alimtukana yule mbuzi ambaye hakuwa na kosa. Nilifurahi sana kusikia. Vidonge aliviweka juu ya dari. Nyuma ya jiko, mahali pale nilipofukia, alianza kuchimba ngoro moja kila asubuhi. Mwanzo alichimba akiwa amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele. Baadaye akawa amepiga goti. Baadaye akasimama. Uvimbe ulipungua, na viganja vikatoka malengelenge kama vya msichana anayejifunza. Kuku mwekundu akaanza kutagia kwenye kochi, na hakuna aliyemfukuza.

Hakwenda kuwaambia wale wanawake kitu. Mimi nilitaka aende, aende uani kwa mama mwenyekiti aseme mbele ya watoto wake. Alisema, "Machi itafika."

Machi ndipo ngoro za maharage zinachimbwa. Ilipofika, mjomba alituma vijana wakafyeka shamba letu na kupanga majani. Bibi aliwaacha, kwa kuwa kufyeka ni kazi ya wanaume. Walipanga vizuri, miraba imenyooka, na lile shamba likawa linasubiri majembe.

Jumamosi moja tukasikia pikapu. Halafu tukasikia nyimbo. Wanawake wote wa ngokela walikuwa wanapanda kwa njia ya mbele, ile waliyoikimbia, wamebeba majembe, na mjomba mbele yao na viatu vyake vya mjini. Nyuma vijana wamebeba makreti ya soda. Soda kwenye ngokela! Kulikuwa na watu wengine wawili wa mjini ambao sikuwajua, wamekuja kuona. Nadhani mmoja ndiye yule wa stendi.

Bibi alikuwa ameshatangulia shambani. Alisimama juu ya mraba wa kwanza, jembe mkononi, kanga ya kazi kiunoni. Nilikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, mama," wote wakaamkia kwa pamoja.

"Marahaba. Nani kawaita?"

Wakaangaliana. Mama mwenyekiti akatoa ile sauti yake. "Tumekuja kukulimia, mama. Wewe kaa tu."

"Nimeuliza nani kawaita."

"Mimi, mama," mjomba alisema. "Nimekuletea watu. Leteni kiti jamani, mama akae kivulini aangalie."

Hakuna aliyeleta kiti. Bibi alimwangalia mama mwenyekiti. "Mwaka huu nimelima kwako?"

"Hapana, mama."

"Na wewe, kwako nimelima?" Akawauliza mmoja mmoja, kila mmoja akasema hapana, na kila hapana ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia. "Sasa mnakuja kunilimia kwa lipi? Nimejifungua?"

Mtu akacheka akajizuia.

"Nauliza. Nimejifungua? Nimelala kitandani? Nina msiba?"

"Msiba wa kuzaa tajiri, mama," alisema jirani wa bondeni, na hapo wakacheka wengi, hata mmoja wa wale wa mjini.

Mjomba hakucheka. "Mama, unaniaibisha."

"Mbele ya nani? Hawa?" Bibi aliwaonyesha kwa mpini. "Hawa niliwalimia wakiwa wachanga mgongoni kwa mama zao. Wewe uliwapa sukari wanipite kama nyumba yenye ndui. Umenitoa kwa watu, ukaniweka kwenye sponji. Unajua mtu anayelimiwa bila kulima ni nani? Ni marehemu mtarajiwa. Wanamwandalia."

"Mimi nilitaka upumzike!"

"Nitapumzika. Hutanibeba na kochi, utanibeba na jembe hili limewekwa juu ya jeneza. Leo hakuna anayechimba hapa."

Mvua ilikuwa inajikusanya nyuma ya mlima. Shamba lisipochimbwa siku ile mzunguko ungepita, na maharage ya bibi yangebaki ghalani. Kila aliyesimama pale alilijua hilo. Mama mwenyekiti ndiye aliyepata njia, au alidhani ameipata.

"Basi tusigombane," alisema. "Sheria ni jembe moja kwa nyumba. Binti achimbe na sisi leo, na kesho atalima kwa wengine. Kwa hiyo mama atakuwa amelima kwa mkono wa mjukuu wake. Njoo, binti. Usione aibu."

Wote wakanigeukia. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kurudi jikoni. Nilikuwa na jembe, jembe dogo la palizi. Nililiinua, nikaona wanaanza kutabasamu, nikalilaza chini kwenye majani.

"Jembe la nyumba hii ni la bibi," nilisema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia na ikapasuka katikati. Nilibaki nimesimama, masikio yanawaka, na safari hii hakuna aliyesema nina aibu.

Jirani wa bondeni akaweka jembe lake begani. "Jumatatu ni kwangu," alisema. "Mama, utakuja?"

"Ukiita."

"Nitaita. Lakini kwangu kuna mteremko, mama, usije ukanifia shambani nikaambiwa ni mimi."

"Nikifa kwako nitaangukia kwenye mstari wako, uchimbe kunizunguka."

Wakacheka, na kile kicheko kikawaondoa. Walishuka kwenda kulima kwa mwingine aliyekuwa amesogezewa zamu yake ili mjomba apate siku. Vijana wakashusha makreti ya soda, chupa zinagongana njia nzima. Mjomba alibaki kidogo. Aliangalia shamba, akaangalia viatu vyake, akasema, "Mama, watu watasema." Bibi akamwambia, "Watanisema nikiwa nimesimama." Akaondoka bila kuaga.

Jumatatu jirani wa bondeni alikuja mwenyewe mpaka uani. Mkononi alikuwa na ule mfuko wa sukari, haujafunguliwa, akauweka juu ya kinu bila maelezo. "Mama, tunakwenda!" akapiga kelele, ingawa bibi alikuwa mbele ya pua yake.

Nilikwenda kupika, kwa hiyo niliona. Kila mwanamke alipewa mstari wa miraba kukata mteremko. Bibi alikuwa wa mwisho. Si wa mwisho kwa kidogo; wenzake walimaliza, wakakaa chini, wakafuta majembe yao, naye alikuwa bado katikati. Kwenye ngokela hakuna anayemsaidia mwenzake mstari mpaka aombe, na bibi hakuomba. Walimsubiri. Kwa mara ya kwanza nilimsikia anavyohema, hata kutoka mbali. Alichimba mguu wa kulia mbele, wa kushoto akiuburuta, na kila akimaliza shimo alisimama akiegemea mpini, akaangalia lililofuata kama mtu anayetaka kupigana nalo. Makande yalipoa. Hakuna aliyesema tuanze kula. Alipofukia majani ya mraba wa mwisho mama mwenyekiti alianza kupiga vigelegele, bibi akamkatisha. "Vya nini? Mimi ni bibi harusi?"

Zamu yetu tulipewa mwisho kabisa, mvua zikiwa zinaaga. Maharage yalitoka mafupi na machache. Tuliyala hivyo hivyo na likolo, mboga yetu ya majani, na bibi alipokuwa anatafuna alionekana kama anahesabu ladha ya kila punje.

Mjomba alikuja tena, baada ya Pasaka. Alikuta mlango umefungwa, akatusubiri uani. Tulirudi jioni na udongo mpaka magotini. Alimwamkia bibi, akauliza, "Umechoka, mama?" "Nimechoka," bibi alijibu, na alilisema neno hilo kwa raha, kama mtu anayetaja kitu chake alichokuwa amenyang'anywa. Mjomba alileta unga. Tuliupokea. Hakuuliza habari za kochi, na aliposhika mto wake akakuta mayai aliyarudisha taratibu.

Watu wanasema yaliisha vizuri. Mimi sisemi. Goti la kushoto halikurudi. Kwenda kusali anakwenda, lakini kupanda tena Matogoro anapumzika njiani kwenye mawe, mawe ambayo zamani aliyapita akinicheka. Ile miezi kwenye kochi ilikula kitu ambacho hakuna anayekirudisha, na waliokila bado wanasema walimpenda. Nikikutana na mama mwenyekiti namwamkia kwa sababu ni mkubwa. Naitikiwa kwa ile sauti ya upole. Hainipozi.

Lakini asubuhi, kabla sijawasha moto, wanaita kwenye njia ya mbele. "Mama! Tunakwenda!" Naye siku hizi hawajibu kutoka uani. Anawajibu kutoka njiani, mbele yao, kwa sababu anajua yeye ni wa polepole na ameshatangulia.

"Mnakwenda wapi?" nasikia sauti yake ikishuka mlimani. "Mimi nimeshafika!"

Hajafika. Yuko kwenye mpapai tu. Lakini wanaharakisha.